Viwanja vyetu vimelala, wapangaji wanazidi

Ukitoka Minneapolis kuja huku Eagan kwa barabara ya Cedar, ukishavuka mto Minnesota unayaona upande wa kushoto maduka ya Twin Cities Premium Outlets. Jumamosi nafasi ya kuegesha gari pale ni ya kugombea. Wengi wetu tumenunua pale viatu vya watoto na makoti ya kufunga kwenye sanduku la safari ya Desemba, na hatukujiuliza mahali pale palikuwaje kabla ya maduka hayo.

Palikuwa patupu, na palikaa hivyo kwa miaka. Eneo hilo, ambalo wenyeji wanaliita Cedar Grove, lilikuwa na maduka ya zamani ya Cedarvale, na biashara ikaanza kudorora barabara kuu mpya ilipochukua magari na kuyapitisha pembeni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mji wa Eagan uliamua kulisuka upya. Ukaanza kununua maduka na nyumba moja baada ya nyingine na kubomoa. Walioridhika na malipo waliondoka. Waliokataa walipelekwa mahakamani, wakiwemo kampuni ya U-Haul, ambao hoja yao ilikuwa kwamba mji unanyakua ardhi kabla haujafunga mkataba na mjenzi yeyote. Mahakama ya Rufani iliwapa ushindi mwaka 2009. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya Minnesota ikaupindua uamuzi huo na mji ukashinda. Lakini kufikia hapo soko la nyumba Marekani lilikuwa limeanguka tangu 2008, wajenzi wamekimbia, na mji umebaki na uwanja wa majani. Maduka tunayoyajua leo yalifunguliwa Agosti 2014.

Tumeanza na kisa cha jirani kwa sababu tukizungumzia viwanja vitupu mijini, watu wetu wengi hukimbilia jibu moja, kwamba ni uzembe, au rushwa, au "Afrika yetu hii". Eagan si Afrika. Ni mji wa watu karibu 69,000 wenye ramani, mawakili na kompyuta, na bado ardhi yake nzuri kuliko zote, penye njia panda ya barabara kuu mbili, ililala zaidi ya muongo. Kwa hiyo tusijibu haraka.

Hapa jirani mifano ni mingi. Kule Arden Hills, kaunti ya Ramsey ilinunua mwaka 2013 ekari 427 za kilichokuwa kiwanda cha risasi cha jeshi tangu Vita Kuu ya Pili. Udongo uliochafuliwa ukasafishwa, kisha kaunti na mji wakavutana kwa miaka juu ya idadi ya nyumba zitakazojengwa. Mafahali wawili, na safari hii nyasi ziliota kwa raha zake. Saint Paul nako kiwanda cha Ford kilifungwa Desemba 2011 na kuacha zaidi ya ekari 120 juu ya Mississippi. Kampuni ya Ryan ilizinunua mwaka 2019, ujenzi ukaanza vizuri, na Novemba 2021 wapiga kura wa Saint Paul wakapitisha sheria kwamba pango la nyumba lisipande zaidi ya asilimia 3 kwa mwaka. Waliopiga kura hiyo walikuwa na sababu zao, na baadhi yao ni wasomaji wetu ambao pango lilikuwa linawala mshahara. Lakini sheria ile iligusa hata nyumba ambazo bado hazijajengwa, na mwenye fedha za kujenga akasimamisha mashine. Mwaka 2022 jiji lililegeza kwa kuzipa nyumba mpya msamaha wa miaka 20, na mwaka 2025 likaziondoa kabisa zile zilizojengwa baada ya 2004. Katikati ya hapo viwanja vilikaa vinasubiri.

Na Lake Street ya Minneapolis, ambayo Waafrika Mashariki wengi tunaijua kuliko mtaa mwingine wowote wa mji huu? Baada ya moto wa Mei 2020, wenye maduka yaliyoungua walipokwenda jiji kuomba kibali cha kuondoa kifusi waliambiwa walipe kwanza kodi ya jengo ya nusu ya pili ya mwaka. Duka limekuwa majivu, bima imelipa kidogo, na bado mtu analipishwa kodi yote ndipo aruhusiwe kufagia. Ulipozuka ukali wa wananchi mambo yalirekebishwa, lakini somo lilibaki: mara nyingi ardhi inalala kwa sababu ya karatasi moja iliyo mezani kwa mtu mmoja.

Sasa twende nyumbani, maana huko ndiko kunakotuhusu zaidi, na huko wenye viwanja vitupu ni sisi wenyewe.

Msomaji wetu asikasirike. Ukipita Bunju, Mbweni, Tuangoma, Kibada, au Kitengela, Juja na Kamulu kwa upande wa Kenya, utakutana na kitu kimoja. Nyumba, kisha pori, kisha nyumba mbili, kisha pagale ambalo ukuta wake umefika kwenye lenta na mpapai umeota sebuleni. Penye pori kuna mawe manne ya mipaka, labda mstari wa minyaa, na kibao kimeandikwa kwa rangi nyekundu: KIWANJA HIKI HAKIUZWI, OGOPA MATAPELI. Uliza ni cha nani. Mara nyingi jibu ni "yule yuko nje". Yuko Oman, yuko London, yuko Texas, yuko hapa Minnesota anafanya zamu mbili katika nyumba ya wazee na analala katika chumba cha kupanga.

Kwa nini tunanunua na hatujengi? Tuseme kweli. Kiwanja kwetu ni benki. Shilingi inashuka, kiwanja hakishuki. Fedha ukiiacha katika akaunti ndugu watajua, na msiba, ada na harusi zitaimaliza, wala hutaweza kusema huna. Ukiitia ardhini unaweza kusema sina na ukawa husemi uongo. Mikopo ya nyumba, ambayo hapa Marekani mtu hulipa kwa miaka 30, nyumbani imekuwa na riba ya tarakimu mbili mwaka nenda mwaka rudi, kwa hiyo Mswahili anajenga tofali kwa tofali kadri mshahara unavyoruhusu. Wengine walishajaribu kujenga kwa kumtumia ndugu fedha za saruji, wakatumiwa picha za nyumba ya jirani. Huyo ukimwambia ajenge tena atakucheka.

Kuna pia wale ambao hati haiwezi kuandikwa kwa jina lao. Sheria ya Ardhi ya Tanzania Namba 4 ya mwaka 1999 haimruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, na Tanzania haina uraia pacha. Aliyekula kiapo cha Marekani ili apate kumleta mama yake, kisheria kule ni mgeni. Matokeo yake kiwanja kimeandikwa jina la kaka au shemeji, na hakuna mwenye akili timamu anayeweka akiba yake yote ya maisha juu ya ardhi yenye jina la shemeji. Mwanzoni mwa 2025 Bunge lilipitisha marekebisho ya kuwapa hadhi maalumu wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nchi nyingine, na haki ya ardhi imo ndani yake. Tunaunga mkono kwa mikono miwili. Wakenya wao walivuka daraja hilo na Katiba ya 2010, iliyoruhusu uraia pacha. Asiye raia kule hupata ukodishaji usiozidi miaka 99.

Lakini Mkenya ana hofu yake nyingine. Novemba 2011 matingatinga yaliingia Syokimau na kuvunja nyumba za watu waliokuwa na karatasi mikononi, wakiambiwa ardhi ni ya uwanja wa ndege. Oktoba 2023 ikawa zamu ya Mavoko, penye ardhi ya kiwanda cha saruji cha East African Portland. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilikuwa imekwisha eleza jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa na hati zikatolewa kana kwamba ni halali. Mtu aliyeyaona hayo hununua ploti na kuiacha kwanza aone kama kuna atakayejitokeza na hati nyingine. Huko ni kujihami, na hatuwezi kumlaumu.

Serikali nazo zina mkono wake. Mradi wa viwanja 20,000 wa Dar es Salaam, ulioanza mwaka 2002, ulikuwa jambo jema: maeneo yalipimwa kabla ya watu kuvamia, na hati zikatolewa. Ila katika maeneo mengi upimaji ulifika miaka mingi kabla ya bomba la maji na barabara ya kupitika masika. Kiwanja chenye hati na kisicho na maji ni karatasi nzuri. Kigamboni hali ilikuwa mbaya zaidi. Mwaka 2008 ilitangazwa kwamba utajengwa Mji Mpya, na wenye maeneo wakazuiwa kuendeleza wakisubiri mpango. Wakasubiri. Huwezi kujenga, huwezi kukopa, ukiuza mnunuzi anakukimbia. Daraja la Nyerere likafunguliwa Aprili 2016, magari yakapita, na Mji Mpya haukuja. Mwisho wa yote wakala ulioundwa kuusimamia ukavunjwa. Miaka ile yote hakuna anayeirudisha.

Dodoma pia. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu huko ni wa 1973, na mamlaka ya kustawisha mji, CDA, iliundwa mwaka huo huo. Kwa miongo minne mji ulikuwa na mipango mikubwa na mapengo makubwa, wenyeji wakilalamikia CDA kwa kila mita ya ardhi, hadi Rais Magufuli alipoivunja Mei 2017. Tangu serikali ihamie kweli kweli, mapengo yanazibika. Hiyo nayo inatufundisha kitu: watu hujenga penye sababu ya kuishi.

Basi kuna sababu nyingi za haki, na mhariri angeweza kuishia hapa na kumpa kila mtu pole. Tatizo ni kwamba kiwanja kinacholala kina mtu anayekilipia, naye si mwenye kiwanja.

Anakilipia kijana wa Dar es Salaam ambaye kwa kuwa viwanja vilivyo karibu vimeshikwa, anasukumwa hadi mbali kule ambako nauli ya daladala na saa mbili za foleni ni sehemu ya mshahara wake. Inakilipia manispaa inayovuta bomba na waya kupita mbele ya mapori kumi ili kuifikia nyumba ya kumi na moja. Anakilipia jirani anayelala karibu na kichaka chenye nyoka na vibaka. Na bei! Sisi tunapeleka dola. Kenya peke yake ilipokea karibu dola bilioni 5 kutoka kwa watu wake walio nje mwaka 2024. Zinalipa ada na hospitali, Mungu azibariki, lakini sehemu yake inaingia kwenye ploti, na mwalimu wa shule ya msingi hawezi kushindana mnadani na mtu anayelipwa kwa saa Minnesota. Tukifika likizo tunashangaa viwanja vimepanda, kumbe tumevipandisha sisi.

Kodi ndiyo ingetakiwa kusawazisha hayo, na hapa kila nchi imekosea kwa namna yake. Nairobi ilikuwa na utaratibu ambao wataalamu wa duniani wanausifia: kutoza thamani ya ardhi tupu bila kuhesabu jengo, ili anayejenga asiadhibiwe na anayelala asipate nafuu. Ndiyo fikra ya Mmarekani Henry George, aliyeiandika mwaka 1879. Sasa sikia. Nairobi iliendelea kutumia orodha ya thamani za mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa miaka 40. Ploti inauzwa kwa mamilioni na inatozwa kwa bei ya enzi za Moi alipokuwa mgeni Ikulu. Ni mwaka 2023 tu ndipo thamani mpya zilipoanza kutumika, na kelele za wenye ploti zilisikika hadi huku.

Tanzania imekwenda kinyume. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye umeme wa LUKU. Ni rahisi kukusanya, hilo hatulipingi. Lakini fikiria maana yake: aliyejenga chumba na sebule akavuta umeme anakatwa kila mwezi, na anayemiliki viwanja vitano vya nyasi pembeni yake hana mita, hivyo hakatwi chochote cha majengo. Anadaiwa pango la ardhi, ambalo ni dogo na wengi hatulilipi mpaka siku tunapotaka kuuza. Masharti ya hati yanataka mtu ajenge ndani ya miezi 36, na Rais anaweza kufuta umiliki wa asiyetimiza. Tishio hilo hutolewa na mawaziri mara kwa mara, likawapata wachache, wengine wakajenga kibanda cha mlinzi wakasema wameendeleza. Silaha nzito kupita kiasi haitumiki, ndiyo maana watu hawaiogopi.

Inafaa kukumbuka tulikotoka. Mwalimu Nyerere aliandika kijitabu Mali ya Taifa mwaka 1958, kabla hata ya uhuru, akipinga ardhi kugeuzwa bidhaa ya wenye fedha, na mwaka 1963 serikali yake ikafuta umiliki wa kudumu. Mpaka leo ardhi yote ya Tanzania ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini. Tumeitunza hiyo katika sheria, na sokoni tumefanya kile kile alichokiogopa.

Hapa Minnesota hakuna mzaha na kodi. Usipolipa kwa miaka mitatu hivi, mali inakwenda kwa serikali. Bibi Geraldine Tyler wa Minneapolis, mwenye umri wa miaka 94, alifikisha kesi yake Mahakama Kuu ya Marekani. Alikuwa amedaiwa kodi ya kama dola 2,300 iliyovimba kwa faini na riba hadi 15,000, kaunti ya Hennepin ikauza nyumba yake kwa dola 40,000 na kubaki na zote. Mei 2023 majaji wote walisema kaunti haikuwa na haki ya kula chenji. Hatutaki ukali wa Hennepin uhamie Kinondoni. Lakini katikati ya kunyang'anya mjane na kutomdai mtu kitu kwa miaka 20, pana njia pana ya kupita.

Tunachopendekeza kwa wizara ya ardhi ni kidogo na kinawezekana. Pango la kiwanja kilichopimwa, chenye barabara na maji, kipandishwe kila mwaka kinapokaa bila kujengwa baada ya ile miezi 36, na kishuke siku nyumba inapohamiwa. Pasipo na maji wala barabara, saa isianze kuhesabu, maana huko mkosaji ni serikali yenyewe. Na serikali ikitangaza mpango mkubwa kama ule wa Kigamboni, iweke tarehe ya mwisho. Ikipita bila fidia kulipwa, zuio life lenyewe.

Nasi tulio nje tuna kazi yetu. Mwenye viwanja vinne avitazame upya. Kimoja ajenge hata chumba kimoja, mtu aishi humo, kimoja amwachie mwanawe akipenda, viwili auze kwa anayehitaji kujenga sasa. Hasara ni ndogo kuliko tunavyofikiri, kwa sababu fedha iliyolala haimlipi mlinzi wala haizai chochote kwa miaka hiyo yote.

Na kuna jambo moja tumelisita, lakini tuliseme. Kila miezi kadhaa tunachangishana kanisani, msikitini na kwa simu ili kusafirisha mwili wa mwenzetu. Tukishamaliza kumzika ndipo maswali huanza: alikuwa na kiwanja Bunju, cha pili kiko wapi? Risiti iko kwa nani? Jina ni la nani? Mke aliye huku hajui, watoto hawajawahi kufika, na yule aliyekuwa akitumiwa fedha ghafla amekuwa mgumu wa kukumbuka. Baadhi ya mapori yale yenye vibao vyekundu hayana tena mwenyewe wa kuamua lolote, na yatakaa hivyo mpaka mahakama ya mirathi imalize, kama kuna aliyeifungua.

Kwa hiyo kabla ya safari ya Desemba, chukua karatasi moja. Andika namba ya kiwanja, kitalu, mtaa, jina lililo kwenye hati, mahali hati ilipo na pango lililolipwa hadi mwaka gani. Nakala moja mpe mwenzio wa ndoa, ya pili mtoto mkubwa. Ukifika nyumbani, pitia ofisi ya ardhi ulipe deni kabla hujaenda kwenye harusi.